Madaktari wa wanyama hawakai nasi: tuajiri vipi na huku tunafungua matawi mapya?

"Assalamu alaikum. Mimi ni afisa rasilimali watu wa hospitali za wanyama hapa Unguja. Tulianza na moja mjini, sasa tunazo tatu, na mkurugenzi anataka kabla ya mwaka kwisha tufungue Chake Chake na nyingine upande wa Paje. Kazi ya kuajiri nimekabidhiwa mimi. Shida ni kwamba madaktari hawakai. Mtu anaingia, anafanya miezi saba au minane, anaondoka. Wawili wamerudi bara, mmoja kachukuliwa na mradi, mmoja hata hakuaga. Mshahara tumeshapandisha mara mbili. Tangazo letu linataka shahada ya udaktari wa mifugo na uzoefu wa miaka mitano, na tunalisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp. Wanaoomba ni vijana waliomaliza juzi, wenye stashahada, au ndugu wa wafanyakazi. Mkurugenzi anasema Zanzibar haina watu, tuagize nje. Mimi si daktari, nimesomea utawala. Nianzie wapi? Na Pemba nitampeleka nani?"

Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Umeniuliza habari ya kuajiri, lakini kilichonishika katika barua yako ni wale wanne walioondoka. Umewaandika kama bahati mbaya nne, kila mmoja na sababu yake. Mimi naona jambo moja. Watu walioingia kwa nyakati mbalimbali na mishahara mbalimbali wameondoka wote wakiwa na umri uleule kazini. Hapo tangazo halina kosa, na waombaji hawana kosa. Kuna kitu kinamfika daktari wenu katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, na mpaka mkijue, kila mtakayempata mtakuwa mnamfundishia mwajiri mwengine.

Nimefanya udaktari wa wanyama kabla sijaingia kwenye uendeshaji wa hospitali, kwa hiyo niruhusu nikueleze kazi hii ilivyo kwa ndani, kwa sababu wewe mwenyewe umesema hukuisomea.

Chukua hospitali moja inayofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku, siku saba. Hizo ni saa 84 kwa wiki. Kwa hesabu nyepesi, daktari mmoja mpe saa 42. Wawili wanalijaza daftari la zamu barabara, na halibaki hata pengo la kupitisha sindano. Sasa mmoja augue, au aende likizo, au aitwe Dunga kwa ng'ombe aliyekwama kuzaa. Anayebaki anaubeba mzigo wote wa wiki, na simu ya usiku inalala kwake. Kwa hiyo hospitali mnayoihesabu kuwa ya madaktari wawili, kwa vitendo ni ya mmoja na nusu, na hiyo nusu inayokosekana inatoka kwenye usingizi wa mtu.

Juu ya hapo kuna kukua kwenu. Mlipokuwa na hospitali moja, bila shaka alikuwepo daktari mzoefu na vijana wakifanya kazi pembeni yake. Mlipofungua ya pili hamkuanza na watu wapya watupu. Mlichota mmoja kutoka ya kwanza. Ya tatu vivyo hivyo. Tawi jipya hula uzoefu wa tawi la zamani, na mwishowe kila mlango una mtu mmoja aliyemaliza chuo Morogoro mwaka jana au juzi, hana wa kumuuliza. Paka dume analetwa saa 1 na nusu usiku, siku ya pili hajakojoa, kibofu kigumu kama jiwe. Mwenye paka analia, msaidizi keshaondoka kuwahi daladala, na kijana wetu amewahi kupitisha mpira wa mkojo mara moja tu, chuoni, mwalimu akiwa kasimama nyuma yake. Miezi ya kwanza huwa anakingwa na mambo haya kwa kuwa yumo kwenye kipindi cha majaribio na anapangiwa zamu na wenzake. Majaribio yakisha, anahesabiwa kuwa mtu mzima na kuachiwa mlango. Kutoka hapo hadi kutafuta kazi kwengine ni miezi miwili, mitatu. Kama majaribio yenu ni ya miezi mitano hivi, hesabu inakwenda sawa na ile saba au minane yako.

Lakini usiniamini mimi kwa maneno. Toa madaftari ya zamu ya hao wanne. Angalia miezi miwili ya mwisho ya kila mmoja: zamu ngapi alikuwa daktari peke yake, siku ngapi za mapumziko zilivunjwa, simu ngapi za usiku. Kisha mpigie mmoja wa wale waliorudi bara, si kumrudisha, bali kumuuliza. Mtu akishaondoka husema ambayo hakuyasema kwenye barua ya kuacha kazi. Kama madaftari yatakuonyesha kinyume cha haya niliyoandika, basi nimekosea utabibu na utafute sababu nyengine. Anza na tabia ya msimamizi wao.

Mshahara sasa. Sisemi hauna maana, na anayesema madaktari wafanye kazi kwa mapenzi ya wanyama mwombe kwanza akuonyeshe hati yake ya mshahara. Mshahara humfikisha mtu mlangoni. Kumweka ndani ni habari nyengine, na kwa mtu anayetoka bara nyongeza yenu inaweza kuwa imeliwa kabla hajaigusa: kodi ya chumba, nauli ya boti kila akitaka kuwaona wazazi, chakula cha kununua kwa kuwa hana nyumba ya kupikiwa. Upande wa Paje na Jambiani ni zaidi, maana kodi za huko zimevutwa na utalii. Mwenye nyumba anamlinganisha daktari wako na mgeni wa wiki mbili. Ningekuwa mimi, fedha ya nyongeza ya tatu ningeikodia nyumba ya kampuni huko pwani, kwa mkataba wa mwaka, iwe tayari kabla tangazo halijatoka.

Haya, tangazo lenyewe. Miaka mitano ya uzoefu inasikika vizuri kwenye kikao cha wakurugenzi. Wanasaikolojia wa kazi Frank Schmidt na John Hunter walikusanya mwaka 1998 tafiti za miaka 85 juu ya njia za kuchagua wafanyakazi, na Paul Sackett na wenzake wakazipiga upya hesabu za aina hiyo mwaka 2022. Wamehitilafiana katika mengi, lakini miaka ya uzoefu, ikisimama peke yake, kote imeonekana kipimo dhaifu cha nani ataifanya kazi vizuri. Usaili uliopangwa, ambao kila mwombaji anaulizwa maswali yaleyale na kupewa alama kwa kigezo kilekile, ni miongoni mwa njia zilizo juu. Kumfanyisha mtu kipande cha kazi yenyewe nako kuna faida yake, na kwa fani yetu naona ndiko kunakofaa zaidi.

Halafu fikiri huyo mwenye miaka mitano yuko wapi leo. Shahada ya udaktari wa mifugo pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, ni miaka mitano ya kusoma. Ongeza mitano ya kazi, una mtu wa thelathini na kitu, ana familia. Ama yuko serikalini na hataki kuacha ajira ya kudumu, ama yuko kwenye kampuni ya dawa, ama kafungua duka lake la dawa za mifugo. Huyo hatoki kwa tangazo la WhatsApp. Anatoka kwa kumfuata, kumkalisha, na kumpa kitu ambacho hana: usimamizi wa hospitali nzima, sauti katika ununuzi wa vifaa, pengine sehemu ya faida. Na kwa ukubwa wenu hamhitaji kumi wa namna hiyo. Wawili wanatosha, watatu ikiwa Mungu amewafungulia. Wengine wote wawe vijana wanaofundishwa na hao.

Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na neno la mkurugenzi wako kwamba Zanzibar haina watu. Wanaokuandikieni, yaani vijana waliomaliza juzi na wenye stashahada, ndio watu wenyewe. Mnawahesabu kuwa takataka za tangazo kwa sababu tangazo liliandikwa kumtafuta mtu mwengine.

Nenda Jumamosi moja asubuhi kwenye hospitali yenu ya mjini, ukae kwenye benchi la wateja na daftari. Andika kila anachofanya daktari, dakika kwa dakika, bila ya kumwambia sababu. Nitashangaa kama hutamwona anapokea simu ya kuuliza bei ya chanjo, anapima uzito wa paka, anamshika mwenyewe huku akijaribu kumchoma sindano kwa mkono mmoja, anatafuta chenji, anaandika risiti, anaosha koleo, anamweleza mteja namna ya kumpa dawa, kisha anaulizwa ufunguo wa stoo. Katika hayo, lipi lilihitaji miaka mitano ya Morogoro? Moja, mawili. Mengine ni kazi ya msaidizi wa afya ya wanyama aliyefunzwa vizuri na mtu wa mapokezi mwenye kichwa kilichotulia. Ukimpa daktari wasaidizi wawili wazuri, umemrudishia nusu ya siku yake, na pengine nafasi ya daktari wa tatu mliyotaka kuitangaza haipo tena.

Wenye stashahada na astashahada wapo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kinafundisha kilimo na mifugo Kizimbani, hapo hapo Unguja, na bara kuna kampasi za Wakala ya Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, mfano Tengeru, Mpwapwa na Buhuri ya Tanga. Ujue tu kwamba wengi wamelelewa kwenye ng'ombe, mbuzi na kuku. Hiyo ina historia yake: mbung'o walipomalizwa Unguja kwa kuachiwa madume waliotiwa utasa kwa mionzi, kisiwa kikatangazwa salama mwaka 1997, na ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ukapata nafasi ambayo haukuwa nayo. Mafunzo yakafuata mifugo. Kijana wa namna hiyo anajua kupata mshipa wa shingo wa ng'ombe gizani, lakini paka wa Mji Mkongwe anamtoa jasho. Hilo linafundishika kwa miezi mitatu kando ya mtu anayejua. Yapi anaruhusiwa kuyafanya kisheria na yapi lazima afanye daktari, hilo usilikisie wala usiniulize mimi. Peleka orodha ya kazi zenu Wizara ya Kilimo, Umwagiliaji, Maliasili na Mifugo upate jibu kwa maandishi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye sheria: mifugo si jambo la Muungano. Daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari bara asichukuliwe kuwa kibali chake kimevuka bahari pamoja naye. Kazi na ajira nazo huku zina sheria yake, Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, na hifadhi ya jamii ni ZSSF, siyo NSSF aliyoizoea. Mwambie mapema, kabla hajapanda boti, ili asije akaona mnamchezea pale anapoisoma hati ya mshahara wa kwanza.

Usaili wenyewe uufanyeje, wewe usiyekuwa daktari? Mwombe daktari wenu mmoja akae nawe, na mwandae jaribio. Mimi napenda hili kwa msaidizi na hata kwa daktari kijana. Mbuzi ana kilo 25. Dozi ni miligramu 10 kwa kila kilo. Mezani kuna chupa ya oksitetrasaiklini ya asilimia 10. Avute mililita ngapi? Asilimia 10 ni miligramu 100 katika kila mililita, mbuzi anahitaji miligramu 250, kwa hiyo ni mililita 2.5. Akishajibu, iondoe chupa bila ya kusema neno, uweke ya asilimia 20, umwambie arudie kwa dozi ileile. Asiyesoma lebo atasema 2.5 tena, jibu sasa ni 1.25. Na yule atakayeandika mililita 25, usimfukuze hapo hapo. Mpe sindano mkononi, mwambie: hebu nionyeshe utakavyomchoma. Atakayeitazama sindano, akacheka mwenyewe na kurudi kwenye karatasi, huyo anafundishika. Atakayeshikilia 25 kwa kuwa ndivyo kikokotoo kilivyosema, mshukuru kwa kuja.

Kwa mtu wa mapokezi, jaribio ni simu. Wewe uwe chumba cha pili, mpigie kama mteja: mbwa wa hoteli kala kitu, anatetemeka, meneja anafoka. Unasikiliza kama anauliza maswali matatu yanayohitajika (mnyama gani, amekula nini, tangu lini) au anakimbilia kutaja bei. Kumbuka pia kwamba unagombania mtu huyo na hoteli. Kijana anayejua Kiingereza kizuri na Kitaliano cha kuombea maji ana pa kwenda kila msimu ukianza.

Kuna swali moja ambalo karibu kila mwajiri wa fani hii visiwani hulikwepa, nalo ni la mbwa. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi. Mate ya mbwa ni najisi, na kilichopatwa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mimi si shehe, na mipaka ya jambo hili mtu amuulize mwenye elimu anayemwamini. Ninachokijua ni kinachotokea kazini. Kwenye usaili hakuna aliyeuliza, na kijana hakusema kwa kuhofia kukosa kazi. Wiki ya pili analetewa mbwa wa mlinzi, mate yamejaa hadi kwenye glavu, adhana ya alasiri inakaribia, na nguo za kubadili hana. Ataanza kuchelewa, kisha kuugua kila siku ya mbwa, kisha hatakuja. Muulize waziwazi: unashika mbwa? Kwa masharti gani? Wapo watakaosema hapana kabisa, na hao wanaweza kuwa watu wenu bora wa mifugo mikubwa, usiwapange Paje. Walio wengi watasema ndiyo, ikiwa pana vazi la hospitali linalobaki hospitali, maji ya kutosha, pahala pa kubadilisha, na muda wa kujitwahirisha kabla ya sala. Hivyo vyote ni gharama ndogo. Vitie kwenye tangazo. Utashangaa nani ataomba.

Na kila atakayegusa mbwa au paka, pamoja na mfagiaji, achanjwe kichaa cha mbwa kabla ya kuanza, siyo baada ya kung'atwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa tangu 2018 kwa mtu mwenye afya njema ni dozi mbili, ya pili siku ya saba baada ya ya kwanza. Mwajiri ndiye anayelipa.

Ndugu wa wafanyakazi. Najua wanavyoletwa: "huyu mtoto wa dada yangu, anapenda wanyama." Usipige marufuku, kwa sababu visiwa ni vidogo na ukikataa kila mwenye ujamaa na mtu wenu hutabaki na wa kumwajiri. Weka kanuni mbili tu. Jamaa anaweza kumleta mwombaji, lakini hakai kwenye meza ya usaili wala hatii alama. Na jaribio la mbuzi ni lilelile kwa mtoto wa mkurugenzi. Siku atakapoanguka mpwa wa mtu mkubwa na ukamwandikia barua ya kumkatalia kama wengine, habari itafika Bububu kabla yako, na baada ya hapo wanaoletwa watakuwa wameshachujwa nyumbani.

Tuje kwenye kuagiza nje. Yumkini mkurugenzi amesoma habari za makampuni makubwa ya hospitali za wanyama Ulaya na Marekani, na inavutia kweli. Uingereza, mwaka 2013 makundi makubwa yalikuwa na kama asilimia 10 ya hospitali za wanyama; baada ya miaka kumi yalikaribia asilimia 60. Mars, hao wa chokoleti, wamenunua VCA, kundi la hospitali za wanyama la Marekani, mwaka 2017. Lakini tazama neno hilo: wamenunua. Walinunua hospitali zilizokwisha simama, pamoja na madaktari, wasaidizi na wateja wake. Nyinyi mnajenga milango mipya na kutafuta wa kuiingia. Kasi yao isiwe kipimo chenu.

Daktari mgeni anaweza kuwasaidia, hasa kwa kufundisha upasuaji kwa muda uliopangwa. Faida yake ni ujuzi wa paka na mbwa ambao huku haujaenea. Hasara yake: vibali vya kazi na ukaazi vina gharama na muda, mfugaji wa Donge hatamwelewa bila mkalimani, na akiondoka anaondoka na alichokijua ikiwa hamkumpa wa kumfundisha. Anayekuja kama "mtalii anayejitolea" na kushika kisu bila ya kibali wala usajili, msimkubali hata akija bure.

Njia nyengine mtakayoshauriwa ni madaktari wa serikali kufanya zamu za jioni. Ni wazoefu, wanaijua nchi, na kwa zamu chache wanaokoa. Ila takeni idhini ya mwajiri wao kwa maandishi, na msiwape wateja ambao wao hao hao ndio wanaowakagua asubuhi. Tena usijenge tawi zima juu ya mtu ambaye anaweza kuhamishiwa kisiwa cha pili kwa barua ya siku moja.

Sasa Pemba, ambako umeuliza umpeleke nani. Usimpeleke mtu. Mtafute aliye wa huko. Kijana wa mjini Unguja anayepangiwa Chake Chake huiona kama adhabu hata ukimwongeza posho, na wateja watamjua kuwa ni mpita njia. Wapemba wanaosoma udaktari wa mifugo Morogoro na mifugo Kizimbani wapo, wengine kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na baadhi wangerudi nyumbani kwa furaha kama wangeona kuna kazi ya fani yao nje ya serikali. Waendee kabla hawajamaliza. Wape nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye hospitali zenu wakiwa mwaka wa nne, utawaona kazini kwa wiki kadhaa, na hakuna usaili unaoshinda hapo. Mcheza kwao hutunzwa.

Lakini ijue kazi ya huko kwanza. Chake si Paje ndogo. Wateja watakuwa ng'ombe, mbuzi na kuku zaidi ya paka, na sehemu kubwa ya kazi itakuwa mabandani na makondeni, kwa pikipiki, siyo kwenye meza ya chuma. Msimu wa karafuu nao upange likizo na zamu kwa kuufikiria. Mfanyakazi mwenye mikarafuu ya familia atakuomba ruhusa, na ukimnyima ataugua. Bora umpangie.

Hivyo neno langu kwa mkurugenzi, nawe unaweza kumwonyesha barua hii: matawi mawili mapya kabla ya mwaka kwisha ni mengi kwa kundi ambalo halijaweza kuwaweka madaktari wa matawi matatu. Pateni kwanza daktari mwandamizi wa kusimamia mjini, awe na naibu wake, na kanuni kwamba hakuna mwenye chini ya miaka miwili kazini anayeachwa zamu bila ya mkubwa anayepokea simu yake. Kisha fungueni Paje, ambako mwandamizi anaweza kufika kwa gari kwa kama saa moja mambo yakiharibika. Chake Chake ifuate, ambako kati yenu kuna bahari. Ila Wapemba wenu waajirini sasa, wafanye kazi Unguja mwaka mzima chini ya mkubwa, ili wakivuka wavuke wakiwa watu wawili wanaojuana, siyo mmoja na mizigo yake. Najua kukaa na mtu mnayemlipa huku tawi lake halijafunguliwa kunauma kwenye vitabu. Linganisha na gharama ya kumwajiri na kumpoteza daktari mara nne.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi. Kama mnafikiria kumsomesha mtu na kumfunga kwa mkataba wa miaka fulani, usiuandike wewe wala usiunakili mtandaoni. Kaa na wakili anayejua sheria za kazi za Zanzibar, kisha mpite Kamisheni ya Kazi, maana mkataba wa namna hiyo ukiwa mbaya haumfungi mfanyakazi, unawafunga nyinyi. Kama katika kuwapigia walioondoka utasikia habari ya kudhalilishwa, ya dawa za usingizi kupungua stoo bila maelezo, au ya mtu aliyekuwa hali chakula wala hapati usingizi, acha kabisa habari za kuajiri kwa wiki hiyo. Mwone mkurugenzi ana kwa ana, funga kabati la dawa na uhesabu vichupa mbele ya shahidi, na aliyechoka kupita kiasi mpeleke kwa daktari wa binadamu. Na yule mmoja ambaye hakuaga, mtafute pia. Kama simu yake haipatikani, mdhamini aliyemwandika kwenye fomu ya maombi yupo.